Kapteni wa Meli ya Buluu

Nyumbani kwetu Syokimau palikuwa na watu wawili waliopenda kaa wa Alaska kupita kiasi, na watu hao wawili hawakuruhusiwa kuonana. Mmoja alikuwa mimi. Wa pili alikuwa mama mkwe wangu, mama mzazi wa mke wangu, aliyetoka kwao Mwala kuja kwetu kutibiwa mguu na akaishi nyuma ya pazia la korido karibu miezi mitatu.

Sisi Wakamba tuna kitu kinachoitwa nthoni. Ni heshima iliyochanganyika na aibu, na mahali inapouma zaidi ni kati ya mwanamume na mama wa mke wake. Humtazami usoni. Humpi mkono. Huli mbele yake, wala hukai naye chumba kimoja. Mkikutana njiani, mmoja anaingia kichakani kama anayetafuta mbuzi aliyepotea, mpaka mwenzake apite. Wengi wa rika langu wameshaitupa hiyo, wanakumbatiana na mama wakwe harusini na kupiga picha. Wangu hapana. Siku ya harusi yetu alikula nyuma ya hema, akatuma baraka zake kupitia kwa dada yake.

Kwa hiyo mke wangu aliponiambia mama yake ana kidonda cha sukari chini ya wayo, na kwamba daktari ametaka kisafishwe na kufungwa upya kila Jumatatu na Alhamisi kwa miezi mitatu, swali langu la kwanza halikuwa kuhusu kidonda. Nilimwuliza, "Na atapita wapi akienda bafuni?"

"Utakohoa," akasema.

Ndivyo tulivyoishi. Nyumba yetu ni ya chini, sebule upande huu, vyumba vya kulala upande ule, korido katikati. Mke wangu alitundika pazia zito la kahawia kwenye mlango wa korido. Mimi nikitaka kupita nilikohoa mara tatu, nikasubiri, nikapita nikitazama vidole vyangu vya miguu. Yeye akitaka kutoka nje aligonga sakafu na fimbo, nami nikakimbilia kibarazani na kuangalia ukuta wa jirani. Jirani huyo si Mkamba. Aliniuliza siku moja mbona kila asubuhi nasimama pale kama mtoto aliyeadhibiwa na mwalimu. Nilimweleza, akacheka mpaka akaketi.

Mama mkwe hakucheka. Tangu siku ya kwanza alitaka kurudi Mwala. Mvua ya mwisho wa mwaka ilikuwa inakaribia, ndengu hazijapandwa, mbuzi wameachiwa mtu asiyejua kuhesabu. Alimwambia binti yake kwamba mgeni ni siku mbili, siku ya tatu apewe jembe, na hapa Syokimau hata jembe lenyewe hakuna. Lakini kilichomsukuma hasa kilikuwa woga. Daktari alisema wazi kwamba kidonda kikifika kwenye mfupa, mguu utakatwa. Na kijijini kwao kulikuwa na mama wa kikundi chao aliyeenda kukatwa mguu, akarudi ndani ya sanduku. Kila asubuhi mke wangu alilazimika kumbembeleza akae siku moja zaidi. Mimi nilisikia yote kutoka mezani, nikinywa chai kimya, kwa sababu mwanamume hasemi habari za mwili wa mama mkwe wake. Hata neno "mguu" lilinikwama kooni.

Kilichomshika ni kaa.

Mimi nafanya kazi kiwanda cha simiti, kwenye mitambo ya kupandisha mizigo. Nimezoea kreni, minyororo na watu wanaopigiana kelele ili wasipondwe. Jumamosi moja saa kumi nilikuwa nabadilisha chaneli nikakuta kipindi cha wavuvi wa kweli, si waigizaji, wanaovua kaa bahari ya kaskazini kabisa, huko Alaska. Meli inalala ubavu, wimbi linapita juu ya sitaha, barafu imeganda kwenye vyuma wanaipiga kwa nyundo, na katikati ya wazimu huo wanaume sita wanavuta kutoka baharini kizimba cha chuma kikubwa kuliko kitanda changu! Hawajui kama ndani kuna kitu. Wamekitega siku mbili zilizopita, wamekiachia boya, sasa mmoja anarusha ndoana, ananasa kamba, anaifunga kwenye winchi, winchi inalia, kamba inapanda, inapanda, na kila mtu ametoa macho. Kizimba kikatokea. Kimejaa! Kaa wekundu, kila mmoja mpana kama beseni la kufulia, miguu inaning'inia kama mizizi. Nikaruka kutoka kwenye kochi na kupiga kelele peke yangu.

Nyuma ya pazia mtu akasema, "Aiii!"

Nikaketi upesi. Kizimba cha pili kilipopanda kitupu, kikiwa na samaki mmoja tu amekaa katikati kama karani, nilisikia ulimi ukigongwa kwa masikitiko, na nikajua si mimi peke yangu niliyenaswa.

Jioni mke wangu alikuta kiti cha jikoni kimehamia korido. Hakuuliza. Mimi nilihamisha televisheni, nikaiweka pembeni ikielekea mlango wa korido, kisha nikalizungusha kochi liupe huo mlango mgongo. Pazia likaachwa wazi upana wa kiganja. Yeye angeona kioo na mgongo wa kochi. Mimi ningeona kioo tu. Nthoni ikabaki nzima, hata wazee wa Mwala wasingepata la kusema.

Mwanzoni mke wangu alikaa katikati yetu kama mkalimani. "Mama anauliza hao kaa wanaliwa na nani." "Mwambie ni watu wa Japani na matajiri." "Mama anasema kule kwetu ukichimba mchanga wa mto kutafuta maji unawapata, lakini wadogo, kama kifungo cha koti." Siku hizo mama mkwe hakujua neno moja la Kiingereza, na hakulihitaji. Kwao Mwala amejenga mabwawa ya mchanga na kikundi chao cha mwethya, ile kazi ya kusaidiana ambapo akina mama wanajipanga mstari na kupitishiana mawe kutoka kilimani hadi mtoni. Miaka thelathini ya kupitishiana mawe imemfundisha kusoma mgongo wa mtu. Dakika kumi tu na alishajua yule mrefu anajificha nyuma ya wenzake, yule mfupi ndiye anayebeba meli nzima, na mpishi ana kisirani. Mimi ninayefanya kazi na winchi kila siku sikuwa nimeona hata moja.

Tukagawana meli. Mimi nilichukua ile nyekundu, ya kapteni kijana anayeendesha kama anafukuzwa na polisi na kutega vizimba vyake mahali ambapo wengine wanaogopa. Yeye alichukua ya buluu. Kapteni wake alikuwa mzee wa ndevu nyeupe anayevuta sigara mfululizo, anayeongea polepole, na ambaye akisema "twendeni" hakuna anayemwuliza wapi. Wiki meli yangu ilipopata zaidi, korido ilinuna. Wiki ya buluu ilipojaza, fimbo iligongwa sakafuni mpaka jirani akadhani anaitwa. Nakiri hapa kwamba nilianza kuzihesabu siku za wiki kwa sababu ya Jumamosi. Kazini nilimweleza msimamizi wangu habari za kaa mpaka akaniambia nirudi kwenye mtambo.

Halafu kampuni ya mke wangu ikampangia zamu ya Jumamosi.

Mimi na mama mkwe peke yetu ndani ya nyumba! Mwanamume mwenye adabu angeondoka. Nilivaa viatu, nikafika mlangoni, saa kumi kasoro dakika tano. Kipindi kilichopita kilikuwa kimeishia na meli ya buluu ikielekea ndani ya dhoruba. Nilisimama hapo nimeshika kitasa. Kutoka korido hapakuwa na sauti, lakini nilijua kiti kimeshakaliwa. Nikavua viatu, nikafungua mlango wa mbele wazi kabisa ili mtu yeyote anayepita aone hapana neno, nikakaa.

Robo saa tulitazama kama watu waliofiwa. Ndipo wimbi likaja. Sijaona wimbi la namna hiyo. Lilisimama mbele ya meli ya buluu refu kuliko ghala letu la simiti, na yule mzee akaitupa sigara na kushika usukani kwa mikono miwili.

"Kapteni!" mama mkwe akapaza sauti. "Kapteni, shikilia! Angalia mbele!"

Kwa Kiswahili. Baadaye mke wangu alimwuliza mbona hakusema Kikamba, akajibu kwamba kapteni ni mzungu, Kikamba kingemshinda.

Meli ikapanda wimbi, ikapotea, ikatokea. Nilijikuta nimesimama na mikono kichwani. Na mimi nikamjibu, ila si yeye. Nikaiambia televisheni: "Kapteni, pole sana. Umeendesha vizuri. Lakini ungefuata ile meli nyekundu ungekuwa umeshafika bandarini."

Kisha nyuma yangu: "Kapteni, usisikize maneno ya watu. Hiyo ingine nyekundu itazama na watu wake wote."

Nilicheka nikajiziba mdomo na mto. Tangu hapo hatukuhitaji mkalimani. Tuliongea na kapteni. Nikiwa nataka kumpa pole ya joto, nilisema, "Kapteni, leo Nairobi ni moto." Naye akasema, "Kapteni, kule kwetu ni zaidi." Miaka kumi na miwili ya ndoa sikuwahi kuzungumza na mwanamke huyu hata sentensi moja, na sasa kwa Jumamosi tatu nilijua jina la mbuzi wake mkorofi, nilijua hapendi mahindi ya muthokoi ya binti yake kwa kuwa hayakobolewi vizuri, na nilijua anavyosali. Kapteni alijua yote, akiwa kule Alaska amekunja uso kwenye baridi.

Asubuhi za kutaka kurudi Mwala zikapungua. "Atarudi msimu ukiisha," mke wangu akaniambia kwa sauti ya chini, akifurahi. "Amesema mwenyewe. Na clinic anajipeleka na boda boda, amekataa nikose kazi." Tulijiona wajanja. Mguu ungepona huku yeye akisubiri kaa.

Jumamosi iliyofuata, mabaharia wa buluu walikuwa wanapanga vizimba, na mama mkwe akasema ghafla, "Kapteni, huyo wa ndevu nyekundu anaficha mguu."

Nilitazama. Baharia wa ndevu nyekundu alikuwa mtu mzima, baba wa watoto, mgeni kwenye meli hiyo, na alikuwa akifanya kazi kama wenzake. Sikuona kitu. "Kapteni," nikasema kwa kejeli, "huyo yuko sawa, labda buti linambana."

"Kapteni, anakanyaga na kisigino. Na akikaa kuvua buti anapatia watu mgongo. Angalia vizuri."

Mimi na ujuaji wangu nikaona mama anajitungia. Wiki mbili baadaye kipindi chenyewe kikathibitisha: ndevu nyekundu alikuwa amepondwa na kizimba, kidonda kimeingia uchafu, na alikuwa akimficha kapteni wake ili asishushwe bandarini. Kamera ilimnasa peke yake akijifunga bandeji juu ya bandeji. Niligonga kochi kwa mshangao. Mama ameona kabla ya kamera! Nikageuka nusu kumsifu, nikakumbuka, nikarudisha shingo. Ndipo hewa ikanipitia puani.

Kwa siku kadhaa korido yetu ilikuwa na harufu kali ya mafuta ya mkaratusi. Nilidhani ana mafua. Chini ya mkaratusi jioni hiyo palikuwa na kitu kingine, kitamu na kibovu. Nimezaliwa shambani, najua harufu ya nyama inayooza. Nikakaa nimetazama kioo bila kuona kaa hata mmoja. Mtu anajuaje namna ya kuficha mguu, namna ya kukanyaga na kisigino, namna ya kuwapa watu mgongo?

Nilimwambia mke wangu usiku huo huo. Alienda korido, wakazungumza, akarudi. "Amenionyesha. Bandeji ni nyeupe pe. Anasema nesi amefurahi." Nikamwambia harufu haidanganyi. Akaniambia ni mafuta, nisimtie mama aibu. Nikamwambia basi apige simu clinic. Akasema Jumatatu atapiga, na Jumatatu walimwita kazini alfajiri, hakupiga, na Jumanne alijiaminisha kwamba mama yake hawezi kumdanganya. Nilikasirika. Nilikasirika naye, na nthoni, na mimi mwenyewe, mwanamume mzima anayenusa hatari ndani ya nyumba yake na hawezi kufungua mdomo. Angekuwa mama yangu mzazi ningeshamwinua na kiti chake.

Ikafika Jumamosi. Nilikuwa nimekata kauli nitasema, na njia ilikuwa moja tu.

Kipindi kilianza kwa kishindo. Meli nyekundu ilivuta vizimba vinane mfululizo vimejaa hadi mlangoni, ushindi ulikuwa wangu, na sikupiga kelele. Mama mkwe pia hakununa. Sote tulikuwa tunasubiri buluu. Na buluu ikaja: sitaha imejaa barafu, ndevu nyekundu ameshikilia chuma, uso una jasho kwenye baridi ile, na mzee wa ndevu nyeupe ameshuka kutoka kwenye usukani, jambo asilolifanya kamwe, amesimama mbele yake. Anamwuliza kitu. Ndevu nyekundu anatikisa kichwa.

Nikasema kwa sauti, "Kapteni, mwambie avue buti."

Nikaongeza sauti.

"Kapteni, mguu unaweza kufichwa lakini harufu haifichiki. Sisi tunaokaa naye tumeisikia. Mwambie mficha maradhi kifo humuumbua. Mwambie avue!"

Mzee akainama. Akashika buti la yule baharia kwa mikono yake mwenyewe. Akaanza kuvuta.

Na televisheni ikazima. Friji ikanyamaza. Tokeni za umeme zilikuwa zimeisha.

Nilisikia mfereji wa jikoni ukidondoka. Maneno yangu yalikuwa bado yananing'inia sebuleni, na hapakuwa tena na kapteni wa kuyapokea. Nilikuwa nimetaja mwili wa mama mkwe wangu. Nilitamani nitoke mbio hadi kiwandani nikajizike kwenye simiti.

"Kapteni."

Sauti ilikuwa ndogo. Alikuwa akiongea na kioo cheusi.

"Kapteni, huyo mtu ako na uoga. Akivua buti, watakata."

Nami nikakitazama kioo. "Kapteni, mwambie wakiona leo watakata kidogo. Wakiona mwezi ujao watakata yote."

Fimbo ilisugua sakafu, ikaacha, ikasugua tena.

"Kapteni, clinic sijaenda wiki tatu. Nesi alisema imeanza kuwa nyeusi, nikakimbia. Hiyo boda boda inanipeleka tu mpaka stesheni ya treni. Nakaa kwa benchi naangalia watu wa ofisi wakishuka. Halafu nanunua bandeji, narudi." Akapumua. "Sasa siwezi kukanyaga."

Nilimpigia mke wangu. Alilia papo hapo, kisha akasema yuko katikati ya Nairobi, na kwa foleni ile atafika baada ya saa mbili. "Mpeleke wewe."

"Nitampelekaje?"

"Na gari! Gari haina nthoni!"

Nililisogeza gari hadi ngazini, nikafungua mlango wa nyuma, nikaenda kutazama ukuta wa jirani. Nilisikia fimbo, nikasikia pumzi, nikasikia mlango wa gari ukifungwa. Nikaingia, na kabla ya kuwasha nikafanya jambo ambalo mwalimu wangu wa udereva angenichapa kwalo: nikakigeuza kioo cha katikati kikatazama paa. Ndivyo nilivyoingia barabara kuu ya Mombasa Jumamosi jioni, malori ya kontena kulia, mabasi kushoto, nikiendesha kwa vioo vya pembeni na kwa masikio. Lori moja lilinipita karibu hadi gari likayumba. Nilishika usukani kwa mikono miwili, nikatambua nimekunja uso kama mzee wa meli ya buluu, na nakuambia ukweli, katikati ya hofu yote hiyo damu ilikuwa inanikimbia kwa raha ya ajabu. Tulikuwa tunaenda! Hatimaye kuna kitu kinafanyika!

Nilitaka kumpa pole. Niligundua kwamba huko garini hatukuwa na wa kuongea naye.

Hospitalini gari halikuruhusiwa kupita geti la pili. Kutoka pale hadi chumba cha dharura ni mlima mfupi wa saruji. Niliomba kiti cha magurudumu. Askari akaangalia huku na huku, akasema vyote viko wodini, nisubiri. Nikamwambia hatuwezi kusubiri. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi na harufu ilikuwa imemfikia na yeye.

"Basi mbebe mama yako, mzee. Ni hapo tu."

"Si mama yangu."

"Ni nani?"

Nilisimama nimeligeuzia gari mgongo, mikono inaning'inia. Mama mkwe angenituma nitafute mwanamke wa kumshika. Angesema tumsubiri binti yake. Nilikuwa tayari kwa lolote, na ningetii, Mungu anisamehe, ningetii hata kama mguu unaoza hapo getini.

"Kapteni," mama mkwe akasema.

Hapakuwa na televisheni. Hapakuwa na mtu mwingine mbele yake ila askari na mgongo wangu.

"Kapteni, nibebe."

Nikachuchumaa. Sikugeuka. Nilihisi mikono miwili mikavu ikipita mabegani, leso ikitupwa juu ya vichwa vyetu, na uzito wake ukanikalia. Alikuwa mwepesi. Mwanamke aliyebeba mawe ya bwawa miaka thelathini alikuwa mwepesi kama gunia la pamba. Nikapanda ule mlima mbio, askari akikimbia mbele akipiga kelele watu watupishe, na mimi sijamwona usoni wala yeye hajaniona.

Walikata vidole viwili. Wayo ukabaki, kifundo kikabaki, mguu ukabaki. Daktari alimwambia mke wangu kwamba wiki nyingine ingekuwa ni goti. Ndengu zilipandwa na kikundi cha mwethya, na mbuzi walihesabiwa na mtu mwingine.

Niliwaeleza wazee wetu yaliyotokea getini, wakatikisa vichwa, wakasema nipeleke Mwala mbuzi na blanketi ili aibu iondoke. Nilipeleka. Mbuzi aliliwa kwa furaha, blanketi likapokewa, na mama mkwe akatuma ujumbe kwa binti yake kwamba nthoni imeisha lakini pazia lisitolewe, amelizoea.

Ndevu nyekundu tulimkosa. Hadi leo sijui buti lilipovuliwa palionekana nini. Nimetafuta marudio ya kipindi hicho bila kuyapata.

Msimu mpya umeanza. Mama mkwe sasa anatembea na fimbo kwao Mwala, na ana televisheni ndogo ya sola. Yule mzee wa meli ya buluu hayumo tena. Amestaafu, meli imechukuliwa na mtu mwingine ambaye hatumpendi. Saa kumi Jumamosi simu ya mke wangu inalia, anaiweka juu ya meza kando ya televisheni, na anaenda zake jikoni.

"Kapteni," sauti inasema kutoka Mwala, "umeona hiyo wimbi?"

Nami naitikia.